Jibu kwa mpelelezi mstaafu anayeitilia shaka kesi yake mwenyewe

Swali: "Wakili, asalaam aleikum. Mimi ni askari mstaafu, nimefanya upelelezi hapa Mombasa miaka mingi. Ramadhani ya mwaka 2005, zikiwa zimebaki siku mbili tupate Idi, mwenye duka mmoja alidungwa kisu akifunga duka lake huko Majengo, yapata saa nne usiku. Faili lilikuwa langu. Siku ya sita tulimkamata kijana wa mtaa wa pili. Shahidi wa kuona alikuwa mmoja tu, mama aliyekuwa akiuza viazi karai kichochoroni. Alisema alimwona kijana kwa mbalamwezi na kwa taa ya mlangoni, kwamba alizoea kumwona akipita ila jina hakulijua, na kwenye gwaride la utambuzi akamgusa bega. Shati la kijana lilikuwa na damu ya kundi O, na marehemu alikuwa O. Mwaka 2008 akahukumiwa kunyongwa. Rufaa ilitupwa 2012. Yuko gereza la Shimo la Tewa mpaka leo. Mwaka jana nilikutana na yule mama kwenye hitima, akanishika mkono, akaniambia: 'Baba, mimi yule kijana uso sikumwona.' Na kuna jambo ninalolijua mwenyewe. Siku ya gwaride mama alikuwa amekaa kwenye benchi pale ripoti ofisi ya kituo tulipompitisha kijana na pingu. Niliona, nikanyamaza. Mahakamani niliulizwa kama taratibu zilifuatwa, nikasema ndiyo. Je, nimechelewa? Nimwambie nani? Niende nikaonane naye gerezani? Na mimi nitashtakiwa?"

Waalaikumu salaam, afande. Umeuliza maswali manne, na nahisi la nne ndilo lililokukalisha mwaka mzima bila kuandika. Nitalifikia. Kwanza kuna jambo kwenye barua yako ambalo nadhani umeliandika bila kuliona.

Umesema zilibaki siku mbili Idi. Umesema pia kwamba mama alimwona kijana kwa mbalamwezi, saa nne usiku. Zisome sentensi hizo mbili pamoja. Mwezi wa ishirini na saba au ishirini na nane huwa mwembamba kama ukucha, nao hauchomozi mpaka karibu na alfajiri, watu wakiwa wameshakula daku. Saa nne ya usiku kama ule, mbingu ya Mombasa ina nyota tu. Mtoto wa chuoni anayesubiri mwezi uandame analijua hilo. Kwa hiyo mbalamwezi haikuwepo. Iliyobaki ni taa ya mlangoni, na barua yako haisemi ilikuwa mlango wa nani, ilikuwa hatua ngapi kutoka kwa mama, wala kama ilimmulika mtu usoni au kisogoni. Mpelelezi aliyepima hatua hizo hasahau kuziandika, hata baada ya miaka ishirini.

Kesi ile ilipita mikononi mwa jaji, mawakili wa pande zote mbili, majaji wa rufaa na wewe, na hakuna aliyeuliza mwezi ulikuwa wa ngapi. Zamani kesi ya mauaji ilisikizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza watatu. Waliondolewa kwa sheria ya mwaka 2007, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, maana wengine walikuwa wakisinzia mpaka adhana ya adhuhuri. Lakini mzee mmoja wa Kibokoni aliyezoea kupanda darini kuutafuta mwezi angelitia kidole hapo kabla ya chai ya saa nne.

Tena Majengo siku mbili kabla ya Idi! Saa nne ya usiku mji haujalala. Watu wametoka taraweh, wananunua kanzu, viatu vya watoto, udi. Mlihoji watu wangapi usiku ule? Na kwa nini aliyefika mahakamani akawa mama mmoja wa viazi karai? Hoja hii ina makali pande zote mbili, na wakili wa serikali hatakosa kuigeuza: ataniambia taa za maduka ndizo zilizommulika kijana, na kwamba neno "mbalamwezi" lilimponyoka mama tu. Sawa. Na aseme ni taa za duka gani, maana duka la marehemu lilikuwa linafungwa.

Sasa nikuvunje moyo kidogo. Mwezi ule, pamoja na utamu wake wote, hautamfungulia mtu lango la Shimo la Tewa. Mlango uliobaki kwa mfungwa wako ni kifungu cha 50(6) cha Katiba ya 2010. Kinamruhusu aliyetiwa hatiani kuiomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, ikiwa rufaa yake imekataliwa na mahakama ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia, au hakukata rufaa ndani ya muda, na ikiwa umepatikana ushahidi mpya na mzito. Sharti la kwanza analo tangu 2012. La pili ndilo linalowashinda wengi. Mwaka 2014, katika kesi ya Luteni Kanali Tom Martins Kibisu, Mahakama ya Juu iliyapima maneno hayo mawili. Ushahidi mpya ni ule ambao haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa mtu aliyejitahidi ipasavyo. Mzito ni ule unaokubalika kisheria, unaoaminika, na ambao ungekuwepo, yamkini hukumu ingekuwa nyingine.

Kalenda ya Kiislamu ilikuwa imetundikwa kwenye kila duka la Mwembe Tayari kesi ilipokuwa ikisikizwa. Wakili wa utetezi angeweza kuileta, naye hakuileta. Jaji wa leo ataniambia hiyo si habari mpya, ni kazi iliyoachwa bila kufanywa, na kwa sheria ilivyo hatakuwa amekosea.

Maneno ya mama kwenye hitima? Hayo nayo yapokee kwa tahadhari. Mahakama humtazama kwa jicho kali shahidi anayegeuka baada ya miaka, na zina sababu: wako wanaogeuka kwa huruma, wako kwa vitisho, wako kwa bahasha. Mama mwenye umri, amefiwa, amesikia Qur'ani ikisomwa, anakutana na askari aliyemwandika taarifa akiwa na miaka arobaini na kitu. Mimi naweza kumwamini. Jaji atauliza kuna nini kingine cha kuyashikilia maneno hayo.

Kingine hicho ni wewe. Ukiondoa mwezi, damu na machozi ya mama, ushahidi mpya katika barua hii ni benchi la ripoti ofisi, na anayeweza kuliapia ni aliyelipita akiwa amemshika kijana mkono.

Kanuni za gwaride unazijua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine huenda hawazijui. Zilipangwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1936, katika kesi ya Mwango, na mpaka leo ndizo zinazorejelewa. Mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, kimo na hali. Achague mwenyewe pa kusimama, na aweze kubadilisha kila shahidi mmoja akitoka. Awe na rafiki au wakili akitaka. Afisa mwenye faili asiliendeshe gwaride yeye mwenyewe. Na shahidi asimwone mshukiwa kabla ya gwaride, kwa sababu akishamwona na pingu, atakayemgusa bega ndani ni yule wa pingu, wala si yule wa kichochoroni. Wakili wa utetezi angelijuaje benchi? Hakuwepo. Kijana mwenyewe huenda aliinamisha kichwa, wanaopitishwa na pingu wengi huinamisha. Fomu ya gwaride ilisema kila kitu kilikwenda sawa, nawe ukaapa ikawa sawa. Hapo hakuna juhudi ya wakili ambayo ingelifichua jambo hilo. Kwa kipimo cha Kibisu, huo ni mpya.

Kuna la pili, na hili ukilithibitisha litazidi hata benchi. Mama alisema alizoea kumwona kijana akipita. Mahakama zetu zinakubali, tangu kesi ya Anjononi ya 1980, kwamba kumtambua mtu unayemjua ni jambo la kuaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Nina hakika hoja hiyo ilitumika kumfunga. Lakini kama alimjua kwa sura, kwa nini usiku ule hakumwambia askari wa kwanza aliyefika, "ni yule kijana mrefu wa mtaa wa pili, anayepitaga hapa na baiskeli"? Kwa nini mlihitaji siku sita? Na mtu unayemjua unawekewa gwaride la nini? Kesi ya Terekali ya mwaka 1952 iliwafundisha majaji kuitazama taarifa ya kwanza kabisa, ile iliyotolewa damu ikiwa bado haijakauka, na kuitumia kupima kila kilichosemwa baadaye. Kwa hiyo naomba ujiulize, polepole: kwenye kitabu cha OB, kile cha matukio ya kituo, cha usiku ule kuliandikwa nini? Na je, mama aliandikwa taarifa mara moja au mara mbili? Kama ipo taarifa ya kabla ya kijana kukamatwa, nayo haisemi lolote kuhusu sura, kisha ikaja ya pili yenye sura kamili, na utetezi ukapewa ya pili peke yake, basi hiyo ya kwanza ndiyo karatasi ninayoitaka kuliko zote duniani.

Wakati ule utetezi kunyimwa karatasi lilikuwa jambo la kawaida. Uchunguzi wa awali mbele ya hakimu, ambao uliwapa mawakili nafasi ya kuonja ushahidi mapema, ulifutwa 2003. Mahakama ya Rufaa ikaja kusema waziwazi mwaka 2008, katika kesi ya Cholmondeley, kwamba upande wa mashtaka lazima uufunulie utetezi ushahidi ulio nao. Katiba ya 2010 ikalitia hilo msumari. Kesi yako ilisikizwa kwenye mpaka wa enzi hizo mbili, na ziko nyingi zilizoangukia hapo.

Nikuchukue mbali kidogo, maana hauko peke yako katika kazi hiyo ya kukosa usingizi. Katika mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado huko Marekani, mwanamke aliuawa mwaka 1987. Polisi wakamshuku mvulana wa miaka kumi na mitano, Tim Masters, aliyeupita mwili akienda shule na asiseme. Mwaka 1992 faili likaangukia mikononi mwa mpelelezi aitwaye Linda Wheeler-Holloway, naye kadiri alivyolichimba ndivyo shaka ilivyomzidi. Haikusaidia. Masters alitiwa hatiani 1999, na kilichomponza hasa ni michoro ya kutisha aliyokuwa akichora utotoni na mtaalamu aliyeifasiri. Mpelelezi yule hakunyamaza, akaja kusimama na upande wa utetezi. Ikaonekana kuna mambo ambayo utetezi haukuwahi kupewa, vinasaba vikapimwa upya, na Januari 2008 Masters akatoka. Wao walikuwa na vinasaba. Sisi tuna shati, kama bado lipo.

Shati, basi, nilimalize haraka. Kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi nchini kwetu. Kusema damu ya shati ni O na marehemu ni O ni sawa na kusema mwizi alivaa ndara. Kijana mwenyewe ni kundi gani? Kama naye ni O, huenda ni damu yake. Wakili wake amwandikie msajili wa mahakama kuuliza kama kielelezo kimehifadhiwa, na kama kipo, aombe kiende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kipimwe vinasaba. Usiweke matumaini mengi hapo. Rufaa ikishaisha, vielelezo huharibiwa, huoza, au hufa maji stoo ikivuja masika. Na ujiandae kwa majibu yote mawili: vinasaba vinaweza kukuta ni damu ya marehemu kweli.

Hilo nakutaka ulishike, afande. Hujaniambia kijana hana hatia, na mimi pia siwezi kukuambia hivyo. Tunachokijua ni kwamba kipimo alichopimiwa kilikuwa kimepindwa, na aliyekiona kikipindwa ni wewe.

Ufanye nini? Usimpigie mama simu tena. Najua utatamani. Kila neno utakalozungumza naye kuanzia leo litaitwa kumfundisha shahidi, na atakayeumia ni yeye na mfungwa. Taarifa yake iandikwe na wakili wa mfungwa, bila wewe kuwepo chumbani, na aelezwe mapema kwamba kugeuka kwake kunaweza kumletea maswali ya kiapo, ili naye apate wakili. Akihofia usalama wake, lipo Shirika la Ulinzi wa Mashahidi.

Gerezani pia usiende. Sababu ni ile ile, na kuna nyingine: hujui utamwambia nini. Ukimwambia "nisamehe," umemtwika jambo ambalo hawezi kulitumia. Ukimwambia "nitakutoa," umemdanganya. Anayeweza kupeleka ombi la 50(6) ni yeye, si wewe, kwa hiyo habari imfikie kupitia mtu atakayeweza kuligeuza kuwa ombi. Kama hana wakili, yapo mashirika ya kutetea haki: Kituo Cha Sheria kina ofisi hapa Mombasa, MUHURI wapo, na kuna huduma ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huyo wakili hataanza na faili la polisi. Ataanza na mfungwa. Rufaa ilipokwenda Mahakama ya Rufaa ilichapwa rekodi nzima, kila swali na kila jibu, na wafungwa wa vifungo virefu huzitunza karatasi hizo kuliko nguo. Nimewahi kupokea moja imefungwa ndani ya mfuko wa unga, imeshonwa kwa uzi wa godoro, kurasa zimeandikwa pembeni kwa penseli na mtu aliyejifundisha sheria humo humo ndani. Alikuwa ameona makosa mawili ambayo wakili wake wa kwanza hakuyaona.

Baada ya hapo ndipo aandikiwe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, aombwe taarifa zote za mama na dondoo ya OB. Wakikawia, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ya kuwakumbusha.

Wewe upate wakili wako, mbali na wa mfungwa. Masilahi yenu si mamoja. Wake atataka useme kila kitu. Wako atataka kujua kila neno litakugharimu nini kabla hujalisema. Na huyo wako usimfiche lolote, hata lile dogo la aibu ambalo hukulitia kwenye barua hii. Mficha uchi hazai.

Swali la nne, basi. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa, kifungu cha 108 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika miaka saba. Makosa mazito hayaozi kwa kupita miaka. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Je, itatokea? Itategemea uliulizwa nini hasa mwaka 2008 na ulijibu kwa maneno gani. "Taratibu zilifuatwa?" ni swali pana, "Je, shahidi alimwona mshtakiwa kabla ya gwaride?" ni jembe. Rekodi itasema. Katika kesi nilizoshika, sijaona askari aliyejitokeza mwenyewe kusahihisha akashtakiwa, ila sitakuahidi kwamba hutakuwa wa kwanza, na wakili anayekuahidi hivyo mkimbie.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni siku utakayohojiwa juu ya hati yako ya kiapo. Itakwenda hivi:

"Afande, mwaka 2008 uliapa kusema kweli?"

"Niliapa."

"Leo umeapa?"

"Nimeapa."

"Basi kimojawapo ni cha uongo. Mheshimiwa jaji achague kipi?"

Kisha watakuja na mengine: pensheni yako ina mgogoro? Una deni? Unaumwa? Uligombana na wakubwa? Familia ya mfungwa imekuletea nini? Kwa nini ulingoja ustaafu ndipo dhamiri ikaamka? Hili la mwisho litakuchoma kwa sababu ni la haki. Usilitafutie jibu zuri. Majaji wameshasikia majibu mazuri mengi. Kinachosimama mbele ya maswali ya namna hiyo ni vitu vidogo visivyokupa faida: benchi lilikuwa la mbao au chuma, mama alivaa leso ya rangi gani, nani mwingine alikuwa zamu, kijana alipitishwa mlango gani na kwa nini si mlango wa nyuma. Na yale yanayomdhuru kijana uyaseme pia, ikiwemo shati, ikiwemo lolote alilokuambia rumande hata kama halikufika mahakamani. Kipindi kile, kati ya 2003 na 2007, maungamo kwa polisi hayakupokelewa hata kidogo, ilikuwa lazima yafanywe mbele ya mahakama. Kwa hiyo najua kuna mambo husemwa pale kituoni yakabaki pale. Ukiyaficha nayo yakaibuka, benchi lako halitaaminiwa tena.

Umechelewa? Kisheria hapana, kifungu cha 50(6) hakina tarehe ya mwisho. Lakini mama ni mzee, wewe umestaafu, na karatasi zinaliwa na mchwa. Na hata mkishinda, kijana (nasema kijana, sasa ana mvi) hatatoka mlangoni siku hiyo. Atakachopata ni kesi mpya. Anaweza kuomba dhamana. Mkurugenzi wa Mashtaka akitazama na kuona mashahidi wamekufa na aliyebaki anasema hakuona uso, huenda akaomba kuiondoa kesi, na kwa Katiba lazima mahakama imkubalie kwanza. Hapo ndipo watu wengi hutoka.

Jamaa zake watakuuliza kwa nini asiombe tu msamaha wa Rais. Njia hiyo ipo, kifungu cha 133, na kuna kamati inayomshauri Rais. Hukumu yake ya kifo yenyewe ilishageuzwa kuwa maisha pale Agosti 3, 2009, Rais Kibaki alipowaondolea kitanzi wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mkupuo. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987. Halafu Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema kifo kisiwe adhabu ya lazima kwa mauaji, na wengi wakarudi mahakamani kupangiwa miaka upya. Uliza kama yeye alirudi. Nina shaka hakurudi, au alirudi akaambulia patupu, kwa sababu miongoni mwa mambo yanayotazamwa huko ni kama mtu amejuta. Asiyefanya atajutia nini? Nimemsikia mmoja akimwambia jaji, "Namsikitikia marehemu, lakini kujuta siwezi, maana sikuwepo." Wakili wake alimvuta shati. Msamaha nao humwachia mtu jina la muuaji, na huenda mfungwa wako ameshaamua kwamba hilo halitaki.

Hujataja familia ya marehemu hata mara moja. Kuna mjane, au watoto ambao sasa ni watu wazima, waliofiwa siku mbili kabla ya Idi na wanaoamini kwa miaka ishirini kwamba jambo liliisha. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kujulishwa na kusikizwa. Wasije wakasikia redioni. Wakili wa mfungwa apange na ofisi ya mashtaka nani atakwenda kuwaambia, na asiwe wewe. Na kama kijana siye, basi aliyefanya alikula Idi ile pamoja nao mtaani.

Usiku wa leo, kabla ya kumtafuta mtu yeyote, kabla ya kusoma hukumu kwenye intaneti (ya Mahakama ya Rufaa yaelekea ipo, utashawishika), chukua daftari uandike kwa mkono wako unachokumbuka. Ukisoma hukumu kwanza, utaanza kukumbuka yaliyomo kwenye hukumu. Anza na benchi: lilikaa upande gani wa mlango, nani alimwambia mama aketi pale, na ulipompitisha kijana, mama aliinua macho au hakuinua. Usipokumbuka, andika hukumbuki. Kila ukurasa tia tarehe na sahihi.